Opena mbaya haimalizi mtu

Kama umesoma Kenya, unaijua opena. Ule mtihani wa kufungua muhula, unafanywa hata kabla mwili haujazoea kitanda cha bweni, na matokeo yakitoka watu wameshaamua wewe ni mtu wa aina gani. Leo nataka tuongee kuhusu opena ya kijana mmoja wa Formula 1. Mnisomee hadi mwisho, wasee, kwa sababu hii stori inaishia nyumbani kwetu.

Machi 16, 2025, Jumapili. Melbourne ilikuwa saa tisa mchana, huku kwetu saa moja asubuhi, watu wa Karen wakitoka kukimbia na mbwa wao. Ilikuwa mbio ya kwanza ya msimu. Isack Hadjar, miaka 20, amezaliwa Paris na wazazi wenye asili ya Algeria, alikuwa anaanza mbio yake ya kwanza ya Formula 1 maishani, kwenye timu ya Racing Bulls. Alikuwa amepata nafasi ya 11 ya kuanzia, na kwa mgeni hiyo si mbaya hata kidogo.

Mvua ilikuwa imenyesha. Kabla mbio ianze, magari huzunguka mara moja polepole ili tairi zipate joto, halafu kila mtu anarudi kwenye nafasi yake. Hakuna kushindana, hakuna kupita mtu. Ni kama kunyoosha mwili kabla ya mechi. Hadjar alitoka kona ya kwanza tu, nyuma ya gari ikateleza, gari ikageuka, ikagonga ukuta. Kwisha. Safari yote ya utoto wake iliishia kwenye mzunguko ambao hata si mbio.

Na huyu hakuwa anatoka mahali pazuri. Desemba 2024 kule Abu Dhabi, alikuwa anapigania ubingwa wa Formula 2. Mbio ya mwisho, taa zinazimika, wenzake wanaondoka, gari yake inazimika palepale kwenye mstari. Gabriel Bortoleto akachukua taji. Miezi mitatu baadaye ndio hii ya Melbourne.

Alirudi kwa miguu akiwa amevaa helmeti, analia, kamera zote zikimfuata. Kisha mzee mmoja akamjia, akamkumbatia, akatembea naye. Alikuwa Anthony Hamilton, baba yake Lewis, mtu ambaye hakuwa hata wa timu yake. Siku hiyohiyo Helmut Marko, mshauri wa Red Bull, yaani upande wa watu waliomwajiri, akaambia televisheni ya Austria kwamba kile kilio kilikuwa cha aibu.

Mtoto mmoja, ajali moja, wazee wawili. Mmoja alienda kumsimamisha, mwingine akaenda kumsema kwa TV.

Sasa angalia hii. Siku hiyo kulikuwa na vijana sita wanaoanza msimu wao kamili wa kwanza, na wanne hawakumaliza. Hadjar ndio huyo. Jack Doohan wa Alpine aligonga kwenye mzunguko wa kwanza kabisa. Bortoleto na Liam Lawson wakaanguka baadaye mvua iliporudi. Wote opena mbaya, siku moja, barabara moja, mvua moja.

Lakini yaliyofuata hayakuwa sawa. Lawson alikuwa Red Bull, timu kubwa. Walimpa mbio mbili tu, wakamrudisha timu ndogo. Doohan alipewa sita, halafu kiti kikaenda kwa Franco Colapinto, ambaye Alpine walikuwa wamemsajili kama dereva wa akiba tangu Januari, kabla msimu haujaanza. Fikiria unaanza kazi na mtu wa kukurithi ameshakaa nyuma yako anasubiri.

Hadjar aliachwa aendelee. Japani alipata pointi zake za kwanza, akamaliza wa nane. Agosti 31 kule Zandvoort, Uholanzi, akamaliza wa tatu na kupanda jukwaani, halafu kwa furaha akavunja kikombe chake wakipiga picha na timu. Desemba 2025 Red Bull wakatangaza atakuwa na Max Verstappen msimu wa 2026. Red Bull haohao wa yule mzee wa "aibu".

Watu wanapenda kusema "talanta itajionyesha tu." Mimi sikubali. Lawson mwenyewe, baada ya kushushwa, alimaliza wa tano Azerbaijan mwaka huohuo. Mkono wake haukubadilika kati ya Machi na Septemba. Alipata tu mahali ambapo angeweza kukosea bila mtu kushika saa. Wikendi ya kwanza haituambii sana kuhusu dereva. Inatuonyesha watu waliomzunguka.

Hata hapa Kenya tumeyaona. Juni 2021 Safari Rally iliporudi kwenye mashindano ya dunia baada ya miaka 19, Kalle Rovanperä alikuja Naivasha akiwa na miaka 20. Ijumaa, kwenye hatua ya Kedong, gari ikazama kwenye lile vumbi laini kama unga, ikakataa kutoka. Siku ikaisha hapo. Toyota hawakumwambia vumbi la Afrika limekushinda. Mwaka uliofuata alirudi akashinda Safari yetu, na Oktoba 2022, siku moja baada ya kutimiza miaka 22, akawa bingwa wa dunia mdogo zaidi katika historia ya rally.

Na sisi je? Februari 2022 McRae Kimathi, kijana wetu aliyepewa jina la Colin McRae, alianza mashindano ya dunia ya vijana kule Umeå, Sweden, akiwa na msoma ramani wake Mwangi Kioni. Mkenya, msimu unafunguliwa kwenye theluji na barafu! Baada ya hapo kulikuwa na Croatia, Ureno, Estonia na Ugiriki. Ukimpima mtu huyo kwa Sweden peke yake, hujampima yeye. Umepima theluji.

Sasa nyumbani.

Nikisema naishi Karen watu wanafikiria geti, bwawa na farasi. Mimi naishi Kuwinda, mabati, dakika chache kutoka kwa hayo mageti. Mathe anafua na kupika huko ndani. Nimeona watoto wa huko wakijaribu vitu. Go-kart leo, haikuendi, kesho ni tenisi, kesho kutwa piano. Hakuna mtu anaitisha kikao cha familia. Simwonei mtu wivu, nasema tu kile nimeona: wao wamenunuliwa wikendi ya pili, ya tatu, hata ya kumi.

Kwetu mbio ni moja. Nilitoka chuo mwaka wa pili kwa sababu karo ilikwama, si akili. Na bado kwenye grupu ya WhatsApp ya familia mimi ndiye mfano wa kutisha watoto.

Mdogo wangu ameingia Gredi ya 10 Januari hii, kundi la kwanza kabisa la shule ya upili ya mfumo mpya. Shule mpya, masomo mapya, mara yake ya kwanza kulala mbali na nyumbani. Opena ikaja, akaanguka vibaya. Anko mmoja, ambaye alikuwa ameahidi kusaidia karo, ameshaanza: huyu naye ni kama kaka yake, arudi shule ya kutwa, tusipoteze pesa. Muhula haujafika hata katikati.

Mathe hakubishana naye. Alisema tu, "Mtoto atamaliza muhula." Anatafuta nyumba nyingine ya kufua Jumamosi, na mimi pesa ya video zangu, ile kidogo inayoingia, inaenda huko.

Najua wengi wenu mnaosoma hii mko na mtu kama huyo: mdogo wako, binamu, beshte aliyefungua kibanda na wiki ya kwanza hakuuza. Hauhitaji kuwa na pesa za Red Bull. Anthony Hamilton alitumia mkono na dakika mbili. Mpigie leo, na usimuulize alipata ngapi.

Machi 8 msimu mpya unaanza, tena Melbourne, tena saa moja ya hapa. Sijui Hadjar atafanya nini kwenye gari jipya. Lakini kona ya kwanza ataiona tena, na hiyo ndiyo tu tunataka kwa mdogo wangu.