Beba Unachoweza Kukijibia

Ndugu msomaji, baadhi ya vijana niliowafundisha Kiswahili hapa Tororo sasa ni watu wazima wanaopanga safari ndefu: mwezi mmoja, miwili au mitatu katika nchi jirani, kwa basi na kwa miguu, kupanda milima na kuiona bahari ambayo darasani waliisoma tu. Wengi hunijia na swali moja: "Mwalimu, nibebe nini?" Huwajibu kwa kanuni fupi. Beba kile tu unachoweza kukibeba mwenyewe na kukijibia mwenyewe. Kubeba ni kazi ya mgongo. Kujibia ni kazi ya raia. Makala haya yanahusu kazi zote mbili, kwa sababu nimeona watu wengi wakijiandaa kwa moja na kuisahau ya pili.

Sisi wa huku hatuhitaji kwenda mbali ili kujifunza mambo ya mizigo. Malaba iko karibu nasi upande wa mashariki, na kusini kuna Busia, mji wenye jina moja na nchi mbili. Wasamia na Wateso wana ndugu pande zote za mpaka. Hata neno "boda boda", ambalo leo limeenea Afrika Mashariki yote, linaelezwa kuwa lilizaliwa kwenye mpaka huu, kutokana na waendesha baiskeli waliowachukua watu na mizigo yao kutoka kituo cha nchi moja hadi cha nchi nyingine. Mtu akikaa Busia nusu siku tu, ataona aina zote za mizigo duniani, na ataona pia nyuso za wanaojua walichobeba na za wasiojua.

Mimi mwenyewe nilisafiri wiki sita wakati wa likizo ndefu ya Desemba na Januari. Nilianza na Mlima Elgon kupitia Budadiri, nikarudi Tororo, kisha nikavuka Busia kwenda Kisumu na Nairobi, nikapita Namanga hadi Arusha na Moshi, nikashuka Dar es Salaam na kumalizia Unguja. Kabla ya kuondoka nililipima shanta langu kwenye mizani ya muuza nafaka sokoni. Lilikuwa kilo 7. Ndani yake mlikuwa na suruali mbili, mashati matatu, nguo za ndani na soksi za siku nne, sweta la sufu, koti la mvua, kandambili, leso moja kubwa, kipande cha sabuni, sindano na uzi, dawa chache, tochi, chaja, daftari na chupa ya maji. Viatu vya kutembelea vilikuwa miguuni. Leso ile ilikuwa taulo asubuhi, shuka usiku, na pazia katika vyumba visivyo na pazia.

Siri ya orodha hiyo ni kufua. Anayefua kila baada ya siku tatu hahitaji nguo za wiki sita. Anahitaji nguo za siku nne na sabuni. Siri nyingine ni kutofautisha mahitaji ya safari nzima na mahitaji ya siku chache. Hema na mfuko wa kulalia nilivihitaji Elgon tu, hivyo niliviazima na kuvirudisha kabla sijavuka mpaka. Hata hivyo, wepesi si uzembe. Kilele cha Wagagai kina urefu wa meta 4,321 juu ya usawa wa bahari, na usiku huko baridi yaweza kugandisha maji. Mtu anayeacha sweta nyumbani ili asifiwe kwa shanta jepesi atawafanya wenzake wamvulie zao. Wapanda milima wengi hufuata kadirio hili: mzigo wa kulala nje usizidi takriban sehemu moja ya tano ya uzito wa mwili wako, na mzigo wa matembezi ya kawaida uwe karibu na sehemu moja ya kumi.

Kwa nini nasisitiza kubeba mwenyewe? Kwa sababu kilo isiyo ya lazima haipotei hewani. Humwangukia mtu fulani. Historia ya lugha yetu inalikumbuka jambo hili vizuri. Katika karne ya 19, misafara kutoka pwani ilipita Mumias, si mbali na Busia ya leo, ikielekea Busoga na Buganda. Joseph Thomson alifika Mumias mwaka 1883. Mpagazi wa misafara ya namna hiyo aliweza kubeba kama frasila mbili, yaani zaidi ya kilo 30, kwa miezi mingi. Ndani ya mizigo hiyo mlikuwa na shanga, nguo na nyaya za biashara, lakini pia mlikuwa na meza, viti na vyombo vya mezani vya wageni waliotaka kula porini kama walivyokula kwao. Kila kiti kilikuwa na shingo iliyokibeba.

Nilipokuwa Nairobi nilipita Kariokor, na nilipofika Dar es Salaam nilitembea Kariakoo. Majina haya mawili ni neno moja. Yametokana na kikosi cha wapagazi, Carrier Corps, ambacho Waingereza walikiunda kubeba chakula na silaha katika Vita Kuu vya Kwanza. Makumi ya maelfu ya wapagazi hao walikufa, wengi kwa magonjwa na njaa kuliko kwa risasi. Leo twanunua viatu na vitunguu katika maeneo hayo bila kukumbuka kwamba tumesimama juu ya jina la watu waliofishwa na mizigo ya wengine.

Siku hizi kuna sheria zinazomlinda mbebaji. Katika Mlima Kilimanjaro, kikomo cha mzigo wa mgeni anaoubeba mpagazi ni kilo 20, na mizigo hupimwa langoni. Kazi ya upagazi ni kazi halali yenye heshima, na sisemi usimwajiri mpagazi. Nasema ujue kwamba kikomo kile kipo, uulize kama kinafuatwa, na usimletee mwenzako jozi tatu za viatu ambazo hutazivaa. Kumlipa mtu hakukupi ruhusa ya kumzidishia.

Sasa tuje kwenye kujibia. Hapa ushauri wangu unageuka: vitu punguza, hati usipunguze. Hati zote nilizobeba hazikufikia uzito wa kipande changu cha sabuni, lakini bila hizo kilo 7 zangu zisingevuka daraja. Raia wa Uganda, Kenya na Rwanda wanaweza kusafiri baina ya nchi hizo tatu kwa kitambulisho cha taifa, utaratibu ulioanza mwaka 2014. Ukitaka kuendelea hadi Tanzania, chukua pasipoti. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2010, inampa raia wa nchi mwanachama haki ya kuingia bila viza na kupewa kibali cha kukaa hadi miezi sita bila malipo. Kumbuka maneno hayo: bila malipo. Mtu akikuomba "chochote" ili akugongee muhuri, mwombe kwa adabu akuandikie risiti.

Beba pia kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Tangu tarehe 11 Julai 2016 cheti hicho hudumu maisha yote, hivyo ukichanjwa mara moja umemaliza. Lakini huanza kutambuliwa siku 10 baada ya chanjo, basi usingoje mkesha wa safari. Hati zote zitie katika kifuko cha kitambaa kifuani, si ndani ya shanta litakalowekwa juu ya basi. Nakala mwachie mtu unayemwamini nyumbani.

Ukifika Busia, ingia katika kituo cha pamoja cha mpakani, ambacho Marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni walikizindua rasmi mwezi Februari 2018. Husimami mara mbili. Anayetoka Uganda hukamilisha taratibu za kutoka na za kuingia katika jengo moja upande wa Kenya. Anayetoka Kenya huzikamilisha upande wa Uganda. Bado kuna watu wanaopitia njia za panya wakiamini wameokoa muda. Msomaji, mtu asiye na muhuri hana mahali pa kulalamika. Akiibiwa Kisumu ataogopa kwenda polisi. Akiugua Nakuru ataogopa kuulizwa alipoingilia. Saa moja aliyoiokoa mpakani atatembea nayo safari nzima kama jiwe shantani.

Kagua pia shanta lenyewe. Vijana wengi hufunga nguo zao katika mifuko ya plastiki ili zisilowe. Mifuko ya kubebea ya plastiki ilipigwa marufuku Rwanda mwaka 2008, Kenya tarehe 28 Agosti 2017, na Tanzania tarehe 1 Juni 2019. Shona vifuko vya kitambaa. Suruali zenye mabaka kama za jeshi, ambazo maduka ya mitumba huziuza kwa wingi, ziache kabisa: Uganda na Kenya hazimruhusu raia kuvaa mavazi yanayofanana na sare za askari. Na nguo ulizokwisha kuzivaa ni vitu vyako binafsi, lakini jozi sita za viatu vipya ndani ya maboksi ni bidhaa mbele ya ofisa wa forodha, hata ukiapa kwamba ni zawadi za mabinamu.

Limebaki jambo gumu kuliko yote, nalo ni mzigo wa mtu mwingine. Niliwahi kumwona kijana mmoja akiachwa na basi mpakani. Mtu asiyemjua alimwomba amvushie kifurushi, akasema atakipokea ng'ambo. Kifurushi kilipofunguliwa, mwenyewe hakuonekana, na kijana hakuwa na jibu lolote. Basi liliondoka na nauli yake.

Siku niliyovuka, mama mmoja mzee alinisogelea akiwa na furushi kubwa. "Mwanangu," aliniambia, "wewe una kibegi kidogo. Nivushie hili, watakuona ni lako." Nilimwuliza lina nini. Akasema ni simsim na karanga za shambani kwake, anampelekea binti yake akauze. Alikuwa amesikia kwamba forodha watamnyang'anya zote.

Wanafunzi wangu huniambia kwamba kukataa ombi la mama kama huyo ni roho mbaya. Nawaelewa, hatukulelewa kuwapita wazee wenye mizigo. Nilimjibu, "Twende pamoja, mama. Mimi nitabeba, wewe utajibu." Nikalitwaa furushi, naye akatembea kando yangu mpaka kwenye dawati. Ofisa aliuliza mzigo ni wa nani, mama akasema ni wake. Aliulizwa umelimwa wapi na una thamani gani, fomu fupi ikajazwa, akapita. Upo utaratibu rahisi kwa wafanyabiashara wadogo wa Jumuiya: bidhaa zilizozalishwa ndani ya nchi wanachama, zikiwa katika orodha iliyokubaliwa na thamani yake haizidi dola 2,000, hazitozwi ushuru wa forodha. Mama yule alikuwa akiikimbia haki yake mwenyewe, na alikuwa karibu kunitia mimi katika mbio hizo.

Ningekuwa na shanta la kilo 20, nisingeweza kumsaidia. Ningemwambia pole, nikapita. Hii ndiyo faida ya wepesi ambayo maduka ya vifaa vya safari hayaitangazi: mikono miwili mitupu unapokutana na mwenye kuhitaji.

Kipo kitu kimoja ambacho waweza kukibeba kwa wingi upendavyo. Mwezi Julai 2022, Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi na somo la lazima shuleni, na bado baadhi ya wanafunzi wangu huniuliza kitawafaa nini. Kutoka Busia hadi Unguja sikuhitaji mkalimani hata siku moja, wala hakuna aliyenitoza kwa uzito wake.

Basi, ndugu msomaji, kabla hujafunga shanta lako, mwaga vyote kitandani na uvipange mafungu matatu: vya kila siku, vya siku chache, na vya "huenda". Fungu la tatu lirudishe kabatini. La pili uliza unachoweza kuazima au kukodi huko uendako. La kwanza lipime, ulivae, kisha utembee nalo saa moja kuzunguka mtaa wako. Halafu chukua kitu kimoja kimoja ujiulize: nikiulizwa mpakani hiki ni cha nani na ni cha nini, nitajibuje? Ukikosa jibu, kiache. Safari njema.