Nyarugusu: Misalaba miwili, kambi moja

Kiangazi, vumbi jekundu humsindikiza msafiri kutoka Kasulu mjini hadi Nyarugusu, kambi iliyofunguliwa mwaka 1996 kupokea Wakongomani waliokimbia vita vya Kivu Kusini. Mwaka 2015 wakaongezeka Warundi kwa makumi ya maelfu.

Mgeni huona misalaba ya aina mbili. Kuna ya makanisa yaliyojengwa na wakimbizi wenyewe, ambako Jumapili kwaya huimba. Kuna pia ule wa Chama cha Msalaba Mwekundu Tanzania, ambacho kimetibu watu hapa kwa miaka mingi. Huo si alama ya dini.

Mama anayefika zahanati na mtoto anayechemka kwa malaria hatakiwi kuulizwa anasali wapi. Kanuni za mwaka 1994, zinazofuatwa na mashirika mengi ya misaada, yakiwemo ya kikanisa, zinakataza kutumia msaada kueneza dini. Sababu yake kila mzazi ataielewa: mwanao akiwa mahututi, utaitikia lolote. "Amina" ya namna hiyo haitoki moyoni.

Je, Mkristo anyamaze kabisa? La. Dawa itangulie, bila sharti. Mtoto akipona, na mama mwenyewe akauliza kilichomfanya muuguzi akeshe naye, hapo neno la imani lina nafasi yake. Asipouliza, amwage kwa heri. Tiba ilikuwa haki ya mtoto.