Padre wa Keya

Watu wa Rusimbi waniitao Padre hata leo hudhani kuwa kazi yangu katika Keya, yaani jeshi la King's African Rifles, ilikuwa kuhubiri, nami sikatai kuwa nilihubiri, kwani kila Jumapili iliyotupa nafasi nilivaa joho juu ya sare nikafungua Kitabu; ila insafu yanilazimu kusema kwamba askari hawakunihitaji mimbarini kama walivyonihitaji penye kalamu na karatasi.

Nilikuwa na batalioni ya 36, ya watu wa Tanganyika, tukafanya mazoezi Ceylon, na katika mwaka 1944 tukaingia Burma pamoja na Divisheni ya 11 ya Afrika ya Mashariki. Tulikuwa bado kisiwani ilipozamishwa meli Khedive Ismail, tarehe 12 Februari, ikiwachukua wapiga mizinga wetu kutoka Mombasa kwenda Colombo. Wakafa watu wapatao 1,300, na wengi wao hawana kaburi ila bahari. Tangu siku zile nilianza kuwa na daftari ambalo ndani yake niliandika jina la kila askari aliyenijia, jina la baba yake na mtaa wao, maana jeshi lilimjua mtu kwa namba, na namba haina mama.

Bonde la Kabaw, tulilolishuka tangu Agosti hata Desemba tulipofika Kalewa ukingoni mwa mto Chindwin, lilikuwa na mvua ambayo mzaliwa wa ziwa kama mimi hajapata kuiona: magari yalizama matopeni, chakula kilidondoshwa kwa ndege, na homa iliangusha watu bila kungoja risasi. Huko kijana mmoja wa Ujiji, Mwislamu na mvuvi, alikaa mkabala nami juu ya kasha la risasi, akaanza kwa salamu za jamaa mmoja mmoja hata nusu ya karatasi ikaisha, kisha akauliza kama mtumbwi wa baba yake umekwisha zibwa, na nani anashika mwenge usiku wa giza dagaa wanapopanda. Jina la Burma halikuruhusiwa kuandikwa, kwa kuwa ofisa alizisoma barua zote kabla ya kutumwa, basi kijana akafikiri kitambo, akasema, "Andika, Padre, kwamba tupo kwenye mvua."

Homa ilimwua kabla jibu halijafika. Wenzake Waislamu walimwosha, wakamkafini kwa blanketi la jeshi kwa kuwa sanda haikupatikana, wakahojiana juu ya kibla, maana kwetu Ujiji mwenye kusali huelekea upande wa kaskazini, ilhali kutoka Burma Makka iko magharibi. Mwalimu wao akakata shauri, nami nikasimama kando, kofia mkononi. Nimesikia wahubiri wakisimulia jinsi vita vilivyowaleta askari makundi kwa makundi katika imani. Pengine kwao ilikuwa hivyo. Mimi niliona watu waliotaka kuzikwa kama walivyozaliwa.

Vita vilipokwisha nilirudi kwa reli hata Kigoma, nikapewa kanisa dogo hapa Rusimbi, ambako majirani zangu wengi huamka kwa adhana. Nilikuwa sijazoea hata njia ya kisimani alipobisha hodi mama wa yule mvuvi. Hakuuliza alikufaje. Aliuliza, "Padre, mwanangu, walimwelekeza kibla?" Nikamwambia, "Ndiyo, mama, walimwelekeza magharibi," nikamweleza sababu, naye akanitaka nirudie mara ya pili, akihesabu pande za dunia kwa vidole. Aliporidhika alifungua pindo la kanga akatoa karatasi ya ofisi moja, ambamo jina la mwanawe lilipungua herufi, na kwa herufi hiyo fedha alizoziacha marehemu zilikuwa zimezuiliwa.

Nikafungua daftari, nikanakili jina lote kama alivyonitajia mwenyewe, nikaandika barua. Ilijibiwa kwa swali. Tukajibu swali, likaja jingine. Fedha zilitoka hatimaye, na kwa kuwa Ujiji hakuna siri ya fedha, wakaja wengine, Wakristo na Waislamu, wenye karatasi kama ile. Na zilikuwako Jumapili ambazo waliokaa barazani kungoja kalamu waliwashinda kwa wingi waliokuwamo ndani ya ibada, jambo ambalo wazee wa kanisa walilinung'unikia, nami nikafupisha mahubiri.