Nyundo nzito, kimo kifupi

Samahani kwa kukaa kimya wiki tatu. Sababu ni nyundo.

Binamu yangu ni msimamizi wa mafundi kwenye mjengo mmoja Mombasa, wanapigilia nguzo za zege za msingi. Alinipigia simu nikiwa hapa Kakamega: nguzo mbili zimepasuka kichwani, na bosi anataka kumkata mshahara. Walifika kwenye udongo mgumu, nguzo ikakataa kuzama, wakaambiwa wainue nyundo juu zaidi. "Wewe mtu wa kompyuta, nipigie hesabu."

Kwetu huku kazi hiyo huioni sana, lakini aliyewahi kupigilia kiguzo cha ua anajua kichwa kinavyopasuka.

Nikaandika programu ya haraka. Nyundo ya tani 4 ikidondoka mita 1 ina nishati ya kilojuli 39 hivi. Ya tani 8 ikidondoka nusu mita, ni zile zile 39. Nikamwambia hakuna tofauti. Nilikosea vibaya!

Mkazo kwenye zege unafuata kasi ya nyundo inapogonga. Kila mita 1 kwa sekunde huleta karibu megapaskali 9.6. Nyundo ya kwanza hugonga kwa kasi ya 4.4, ya pili 3.1. Bila mbao laini za kukinga kichwa, mkazo unaweza kufika megapaskali 42 kwa ile ya kwanza, na 30 kwa ya pili. Kama zege yako ni ya 40, fanya hesabu mwenyewe.

Nikarudi kwa E.A.L. Smith, mhandisi Mmarekani ambaye mwaka 1960 alichapisha njia ya kuigawa nguzo kuwa vipande vya uzito na springi, kompyuta ifuate wimbi la pigo. Wimbi hupita mita 1 ya zege kwa sekunde 1/4000 hivi. Mimi niliweka hatua ya 1/1000, na nguzo yangu ikaruka mpaka mwezini. Siku mbili zilipotea hapo.

Udongo laini nao una hatari yake: wimbi hurudi kutoka chini likiivuta nguzo, na zege huhimili kuvutwa kwa kama sehemu moja ya kumi tu ya inavyohimili kubanwa.

Binamu amepunguza kimo na kuweka mbao mpya. Grafu nimemtumia amwonyeshe bosi. Jibu la mshahara bado. Programu nitaiweka hapa Jumamosi, stima ikikubali.