Kihamba Kinalishwa na Mama

Ukipanda kutoka Moshi mjini kwenda Shimbwe Juu, joto linabaki nyuma na migomba inaifunga njia pande zote mbili. Mgeni hudhani ni msitu. Kumbe kila kipande kina mwenyewe, na mpaka wake ni masale yaliyopandwa mstari. Jani hilohilo la sale ndilo Mchagga humpelekea jirani aliyemkosea, na anayepelekewa hakatai kwa urahisi. Wakristo tujiulize ni wangapi kwetu wanaosamehe namna hiyo!

Kihamba si shamba tu. Juu kuna miringaringa, chini yake migomba, kisha mibuni, na chini kabisa magimbi na mboga. Wazee wamezikwa humo, ndiyo sababu kukiuza kwa mtu wa nje ni aibu ya ukoo mzima. Kitu kisichouzwa hutunzwa. Mwaka 2011 shirika la FAO liliutambua ukulima huu wa Shimbwe Juu kuwa urithi wa kilimo wenye thamani kwa dunia nzima.

Lakini rutuba hutoka kwa ng'ombe. Hao wamefungwa zizini, na majani yao hukatwa huko tambarare, yakapandishwa mlima kichwani mwa mama. Samadi huenda kwenye migomba. Tangu zamani kahawa ilihesabiwa kuwa ya baba na ndizi za mama, na ndizi hizo ndizo zilizonunua chumvi, sabuni na madaftari ya watoto.

Sasa tazama urithi. Kwa mila, kihamba ni cha watoto wa kiume, na kitindamimba wao hubaki na nyumba ya wazazi. Kila kizazi kinagawana, vipande vinazidi kuwa vyembamba. Mjane asiye na mtoto wa kiume ndiye anayetetemeka zaidi.

Mwenyeji wetu ni mmoja wao. Shemeji zake wanataka kugawana, naye ameacha kubeba majani. "Nimtilie nani samadi?" alituuliza. Migomba yake tuliiona imenyong'onyea kuliko ya jirani.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inabatilisha mila inayomnyima mwanamke haki ya ardhi. Mama huyu anaijua. Alifundishwa na wenzake wa jumuiya. Anachoogopa ni kukaa mahakamani na watu atakaozikwa nao. Kwa hiyo ameomba kikao cha ukoo kwanza, na wanawake watatu wa jumuiya watakwenda kuketi pamoja naye.