Umbali Baina ya Viwanja Viwili

Umbali una vipimo viwili. Cha kwanza ni cha hewa: mstari ulionyoka toka kiwanja hata kiwanja, usiojua mto wala mlima. Cha pili ni cha mtu: toka mlango alioufunga hata mlango atakaofunguliwa. Cha kwanza huandikwa katika vitabu. Cha pili hulipwa na msafiri kwa moyo wake.

Tazama safari ya Kigali na Arusha. Toka Kigali hata Kiwanja cha Ndege cha Kimataifa cha Kilimanjaro, kilichofunguliwa mwaka 1971, pana karibu kilomita 790 za hewa. Ndege iendayo kilomita 800 kwa saa huumaliza mwendo huo kwa saa moja na dakika chache za kupaa na kutua. Lakini saa ya Rwanda iko nyuma ya saa ya Tanzania kwa saa moja. Aondokaye Kilimanjaro saa nne asubuhi hufika Kigali saa nne na ushei, kana kwamba hakutumia wakati. Aondokaye Kigali saa nne hufika Kilimanjaro saa sita na ushei. Mwendo ni ule ule. Tena kiwanja si mji: akiisha kutua, mgeni wa Arusha husalia na kilomita 50 hivi za barabara, kupita Usa River na Tengeru, Mlima Meru ukimwinamia upande wa kulia.

Mwaka 1995 umbali huu ulipata uzito mwingine. Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa liliamua kwamba mahakama ya kimataifa ya kuhukumu mauaji ya kimbari yaliyotendeka Rwanda mwaka 1994 iwe na makao yake Arusha. Katika kuchagua mahali, haki ilitiwa katika mizani pamoja na wepesi wa kuwapata mashahidi. Ilitakiwa nchi nyingine, lakini isiyo mbali mno.

Miongoni mwa mashahidi hao walikuwamo wanawake wa Taba, ambao mahakama iliwataja kwa herufi badala ya majina ili kuwalinda. Kwa hesabu ya hewa, safari yao ilikuwa ya saa moja na ushei. Kwa hesabu ya pili, walitoka katika kimya cha fedheha wakaja kunena mbele ya mtu aliyekuwa mkuu wa wilaya yao. Tarehe 2 Septemba 1998 mahakama ilimtia hatiani Jean-Paul Akayesu, hukumu ya kwanza ya mauaji ya kimbari kutolewa na mahakama ya kimataifa baada ya kesi kusikilizwa. Na kwa maneno ya wanawake hao ilitamka kwamba kunajisi kwaweza kuwa tendo la mauaji ya kimbari.

Mahakama hiyo ilifunga kazi mwishoni mwa mwaka 2015. Kilomita hazikupungua wala kuongezeka. Rubani akisema kwamba ni mwendo wa saa moja, hasemi uongo. Lakini shahidi akisema kwamba ilimchukua miaka kufika, naye asadikiwe.