LEEDS: MJI ULIOMVIKA SUTI MFANYAKAZI

Ndugu msomaji, nguo haimfanyi mtu, lakini hapana mtu apendaye kudharauliwa kwa ajili ya nguo yake. Siku ya arusi, siku ya sikukuu, siku ya kwenda kuomba kazi, hata mwenye mshahara mdogo hutaka kusimama mbele za watu akiwa amevaa koti lililomkaa sawasawa mabegani. Fundi cherehani wa barazani alilijua jambo hilo tangu zamani, na ndilo linalompa riziki. Leo tutasafiri hadi mji mmoja wa kaskazini ya Uingereza, ambako haja hiyo ndogo ya mtu wa kawaida iliajiri maelfu ya watu, ikamtajirisha mmoja wao kupita kiasi, kisha ikaacha nyuma yake majengo makubwa yasiyo na sauti ya cherehani. Mji huo ni Leeds.

Leeds umo katika jimbo la Yorkshire, ukingoni mwa mto Aire. Kwa karne nyingi watu wa sehemu hizo waliishi kwa sufu. Walisokota nyuzi, wakafuma vitambaa, wakavitia rangi na kuviuza. Mto uliwapa maji, ardhi iliwapa makaa ya mawe, na mfereji uliochimbwa hadi Liverpool ukawapa njia ya baharini. Walakini kufuma kitambaa ni jambo moja, na kushona nguo ni jambo jingine. Hata katikati ya karne ya 19, mwenye fedha ndiye aliyepimwa na fundi wake na kushonewa suti. Maskini alivaa nguo zilizochakaa ambazo wengine walikwisha kuzivaa. Mitumba, kwa maneno mengine, ilikuwa vazi la Mwingereza kabla haijawa vazi la mtu mwingine yeyote.

Mgeni anayetaka kujua jinsi hali hiyo ilivyobadilika na aanzie katika bustani iitwayo Park Square, katikati ya mji. Pembeni mwa bustani hiyo limesimama jengo la matofali mekundu lenye madirisha ya matao na vinara vyembamba juu ya paa. Mtu wa Pwani akiliona kwa mara ya kwanza atadhani limechukuliwa katika mji fulani wa Waarabu. Hilo ni jengo la St Paul's House, na halikujengwa kwa ajili ya sala wala kwa ajili ya sultani. Lilijengwa mwaka 1878 kuwa kiwanda na ghala la nguo la tajiri John Barran, na aliyelichora ni Thomas Ambler.

Barran huyo alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza mjini Leeds kutumia cherehani kiwandani. Yasimuliwa kwamba, mwishoni mwa miaka ya 1850, aliuona msumeno wa utepe ukipasua mbao nyembamba za samani, akajiuliza kwa nini chombo kama hicho kisikate kitambaa. Tangu hapo vitambaa vikapangwa kimoja juu ya kingine na kukatwa vyote kwa mara moja. Kazi ambayo fundi mmoja aliifanya kwa mkasi tangu asubuhi hadi jioni, mashine iliifanya kwa dakika chache. Bei ya nguo ikaanza kuteremka.

Lakini mashine haishoni peke yake. Miguu iliyokanyaga cherehani za Leeds ilikuwa ya wasichana wa Yorkshire, na ya wageni pia. Kaskazini ya kati ya mji palikuwa na mtaa ulioitwa Leylands, ambamo Wayahudi waliokimbia umaskini na mateso katika dola ya Urusi walisongamana, wakashona makoti katika vyumba vidogo mchana na usiku. Kutoka katika mkondo huo huo wa wakimbizi alitoka mtu ambaye habari zake ndizo kiini cha safari yetu.

Mwaka 1900 kijana mmoja wa Kiyahudi, ambaye umri wake haukuzidi miaka 15, aliwasili Uingereza peke yake. Alitokea Kurkliai, mji mdogo wa Lithuania, nchi iliyokuwa wakati huo chini ya mfalme wa Urusi. Jina lake lilikuwa Meshe David Osinsky. Alianza kwa uchuuzi, akitembeza bidhaa zake mlango hata mlango. Kabla hajatimiza miaka 20 alikuwa na duka lake katika mji wa Chesterfield, akiuza nguo za wanaume zilizokwisha kushonwa. Akajipa jina la Kiingereza, na jina hilo likaja kuandikwa juu ya milango ya maduka katika kila pembe ya Uingereza: Montague Burton.

Burton alitambua jambo ambalo wengi hawakulitia maanani. Mfanyakazi hakutaka nguo rahisi tu. Alitaka kupimwa. Kupimwa ni heshima, maana mtu anapozungushiwa utepe kifuani na kiunoni, na vipimo vyake vikaandikwa, anaambiwa bila ya maneno kwamba mwili wake nao una thamani. Basi Burton akaunganisha mambo mawili yaliyodhaniwa kuwa hayapatani, yaani vipimo vya fundi na kasi ya kiwanda. Mteja aliingia dukani katika mji wake, akapimwa, akachagua kitambaa katika sampuli, akaweka oda yake. Vipimo vilipelekwa kiwandani. Huko hapakuwa na fundi mmoja aliyeshona suti nzima. Mmoja alikata, mwingine alishona mikono, mwingine alitia bitana, mwingine matundu ya vifungo, na wa mwisho akapiga pasi. Kisha suti ikarudishwa dukani, na mwenyewe akaja kuichukua.

Sasa tutoke kati ya mji tuelekee mashariki, hadi barabara ya Hudson Road. Burton alikinunua kiwanda cha hapo baada ya Vita Kuu ya Kwanza, akakipanua mwaka hata mwaka, mpaka kikahesabiwa kuwa kiwanda kikubwa kuliko vyote vya nguo duniani. Siku za neema yake waliingia humo kiasi cha wafanyakazi 10,000, na wengi wao walikuwa wanawake. Hebu fikiri, ndugu msomaji, mji mzima chini ya paa moja! Katika miaka ya 1930 palifunguliwa chumba cha kulia chakula chenye nafasi ya watu 8,000. Palikuwa pia na daktari wa meno, mtu wa kupima macho, na taa maalumu za kuwapa wafanyakazi mwanga kama wa jua, maana jua la Yorkshire ni adimu na moshi wa siku zile uliliziba hata hilo kidogo lililokuwapo.

Yafaa kusema kweli. Burton hakuwa katika kundi la matajiri waliowaona wafanyakazi kama punda. Alikubali vyama vya wafanyakazi, na alitoa fedha vyuo vikuu viweke maprofesa wa kufundisha uhusiano wa kazini na uhusiano wa mataifa. Mwaka 1931 mfalme alimpa cheo cha Sir kwa sababu ya juhudi zake katika uhusiano wa waajiri na wafanyakazi. Mchuuzi wa jana akawa bwana mkubwa.

Ushahidi wa ukubwa huo haukubaki Leeds peke yake. Vita Kuu ya Pili ilipoanza mwaka 1939, kampuni ilikuwa na maduka karibu 600. Mengi yalijengwa na kampuni yenyewe, kwenye pembe za barabara kuu, kwa mawe meupe au meusi yanayong'aa. Hata leo mgeni anayetembea katika miji ya Uingereza akiinua macho juu ya duka la simu au la kahawa, huenda akaona jina la Burton ukutani, na mahali pengine vichwa vya tembo vilivyochongwa juu ya nguzo. Orofani aghalabu palikuwa na ukumbi wa biliadi usiouza pombe. Vijana walipanda kwenda kucheza, na kila walipopanda na kushuka walipita mbele ya suti zilizopangwa dirishani. Mwenye duka aliijua kazi yake!

Chini ya kuta hizo, karibu na usawa wa barabara, kuna mawe ya msingi. Juu yake yamechongwa majina ya waliowekewa heshima ya kuyaweka: Barbara, Stanley, Arnold, Raymond. Hao ni watoto wa Burton, na baadhi yao walikuwa wangali wadogo mawe hayo yalipochongwa. Jiwe ni kumbukumbu isiyosahau kwa urahisi. Lakini aliyeshona matundu ya vifungo kwa miaka thelathini huko Hudson Road hakuchongwa jina lake popote.

Vita vilipopamba moto, viwanda vya Burton viligeuzwa kushona sare. Husemwa kwamba robo ya sare za majeshi ya Uingereza zilitoka humo. Vita vilipokwisha mwaka 1945, serikali ilimpa kila askari aliyeachishwa jeshi suti ya kurudi nayo uraiani, na kiasi cha theluthi moja ya suti hizo zilishonwa na kampuni hiyo hiyo. Kwa hiyo kuna wanaume wengi waliokwenda vitani kwa nguo za Leeds na wakarudi kutafuta kazi kwa nguo za Leeds. Wengine hawakurudi.

Mwaka 1952 Sir Montague Burton alifariki dunia mjini Leeds, akiwa anatoa hotuba katika karamu. Kampuni iliendelea bila yake, na mwaka 1966, timu ya taifa ya Uingereza ilipotwaa Kombe la Dunia, wachezaji wake walivikwa suti za Burton. Lakini chini kwa chini udongo ulikuwa unamomonyoka. Vijana wa miaka hiyo hawakutaka tena kufanana na baba zao. Walitaka jinzi na mashati ya rangi kali. Aliyetaka suti aliikuta imekwisha kushonwa, na nyingine zilitoka nchi za mbali ambako mshahara ulikuwa mdogo zaidi.

Mishahara ya Leeds yenyewe haikuwa ya kujivunia. Mapema mwaka 1970 wafanyakazi wa viwanda vya nguo vya mji huo, maelfu kwa maelfu, waliweka sindano chini. Mapatano yaliyofikiwa yalitoa nyongeza ya peni 5 kwa saa kwa mwanamume na peni 4 kwa mwanamke. Wanawake wakauliza: je, cherehani hutambua aliyeketi mbele yake ni nani? Wakadai shilingi nzima, yaani peni 12, kwa wote sawasawa. Waliandamana toka kiwanda hata kiwanda wakiwaita wenzao watoke, na mgomo ukadumu kwa wiki kadhaa. Mwaka huo huo Bunge la Uingereza likapitisha sheria ya mshahara sawa kwa kazi sawa. Kisa chao kikaja kuonyeshwa katika televisheni mwaka 1974, katika mchezo ulioandikwa na Colin Welland.

Mapema katika miaka ya 1980 kampuni iliacha kabisa kushona. Ikawa muuzaji wa nguo zilizoshonwa na wengine, nayo ikaingizwa katika kundi la makampuni lililokuja kuitwa Arcadia. Kundi hilo lilianguka mwezi wa Novemba 2020. Mwezi wa Februari 2021 jina la Burton, pamoja na majina mawili ya maduka ya nguo za kike, liliuzwa kwa kiasi cha pauni milioni 25 kwa kampuni ya Boohoo ya Manchester, inayouza nguo kwa njia ya intaneti. Maduka hayakununuliwa. Watu wapatao 2,450 wakapoteza kazi zao.

Hapo ndipo lilipo fundisho la safari hii. Mnunuzi alilipa fedha kwa ajili ya jina. Jina halili, haliugui, halizeeki, wala halidai nyongeza ya shilingi. Lakini nani alilipa jina hilo thamani yake? Hapana shaka Burton alikuwa na akili nyingi na bidii isiyo ya kawaida, na mkimbizi aliyefika mikono mitupu akafikia alipofikia astahili sifa yake. Hata hivyo, mtu alipolisifu koti la Burton hakuwa akisifu jina. Alisifu mshono ulionyooka, bega lililokaa vizuri, na kifungo kisichong'oka. Hayo yote yalitoka mikononi mwa wasichana wa Leeds na wageni wa Leylands.

Mgeni akimaliza matembezi yake na arudi Park Square, aketi bustanini penye vinara vya Barran. Mchana watu hupita hapo wakienda ofisini, mmoja mmoja akiwa amevaa suti. Wajukuu wa wale waliokanyaga cherehani huenda wamo miongoni mwao. Naye msomaji, atakapokwenda kuchukua suruali yake kwa fundi wa barazani, kabla ya kulalamika kwamba imechelewa siku mbili, na ageuze nguo upande wa ndani na kuutazama mshono. Hapo ndipo mfanyakazi alipoandika jina lake. Kisha amlipe fundi haki yake yote.